Mume wa Kitabuni

Sijui nani alinidanganya kwamba kumsomea mama yangu riwaya kutampumzisha. Alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Hail, amekaa eda ya baba, nami nimehamia huko kumwangalia. Televisheni hataki, wageni wanamchosha, na kila nikirudi kutoka kazini Rusayl namkuta kauelekea ukuta ule ule. Ofisini, mfanyakazi mwenzangu akaniazima riwaya ya Kimarekani, ya majimbo ya kusini. "Mapenzi matupu," akaniambia. Nikaamini.

Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho, namsimulia kwa Kiswahili. Laiti angesikiliza! Bibi harusi hajamaliza kuvishwa pete, mama keshauliza: "Kwao huyo bwana wapi? Wazee wake wanajulikana?" Nikamwambia huko watu hupendana tu. "Ndo maana," akasema, na mpaka leo sijui ndo maana ya nini. Mvua ikinyesha shambani, ataka kujua shamba la nini. Mke akioka mkate, ataka kujua ni unga gani. Ukurasa mmoja ulitumalizia jioni nzima. Lakini ukuta alikuwa ameupa mgongo, na yule mume wa kitabuni mama alimpenda kuliko anavyompenda mume wangu mimi.

Siku moja kazini, wakati wa chakula, nikachungulia sura inayofuata. Mume anakufa! Anaanguka shambani mchana kweupe, basi, keshakwenda. Nilitamani kumrushia mwenzangu kitabu chake. Mapenzi matupu! Nimsomee mjane aliye edani kifo cha mume?

Nikaamua hafi. Jioni ile nikairuka sura nzima, yule bwana nikampeleka mji wa mbali kununua trekta. Nikajiona hodari kweli. Lakini njia ya mwongo fupi, na yangu haikumaliza hata kurasa mbili. Kitabuni majirani wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, huyu na kuku wa kukaanga, yule na keki, mwingine na sufuria ya maharage. Nikayasoma yote bila kufikiri, maana chakula kina ubaya gani?

"Hapo pana nini?" mama akauliza.

"Karamu."

"Karamu gani watu wanakuja na sufuria zao, na mwenye nyumba mwenyewe hali kitu?"

"Ana homa, mama."

"Na mumewe yuko wapi?"

"Safari. Nshakwambia."

"Anarudi lini?"

"Mama, kwani lazima uulize kila kitu? Si usikilize tu!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anatazama jikoni, ambako sufuria za watu waliokuja msibani zilikuwa bado zimepangwa, hatujazirudisha kwa wenyewe.

"Baba yenu alikufa alfajiri," akasema. "Nyinyi mkanambia hali yake si nzuri. Mkanambia kapewa dawa, kalala. Mimi huku nnamkamulia machungwa mpelekewe hospitali. Mpaka laasiri watu wakaanza kuingia na sufuria zao, ndo nikajua. Siku nzima nnamuombea shifaa mtu keshaoshwa."

Sisi watoto wake tulikubaliana hivyo kwa kumhurumia, na kila mtu alitusifu kwa busara yetu. Niliona haya, nikaona na uchungu.

"Rudi nyuma," mama akasema. "Nisomee alivyokufa. Na usiruke neno."

Nikairudia sura niliyoiruka. Nikasoma mpaka mume akaanguka, mpaka jirani akakimbia kutoka shambani akamkuta mke jikoni, mikono imejaa unga, akamwambia hapo hapo. Safari hii mama hakuuliza ni unga gani. Alikuwa analia kwa sauti, kilio ambacho siku ya msiba hakukilia.

Akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mwenzangu kaambiwa," akasema.