Kitufe cha Kupandisha Sauti

Nilijifunza kinanda peke yangu, kwa video za kwenye simu, na kwa miaka mitatu niliwaficha watu jambo moja: nilijua kupiga kwa ngazi ya do tu. Waimbaji wakiwa juu au chini yake, nilibonyeza kitufe kidogo kinachopandisha au kushusha ngazi ya kinanda kizima, vidole vikabaki palepale. Kanisani kwetu Mutakura waliniita "profesa". Sikuwahi kukataa.

Jumamosi moja kitufe kikafa. Nikakibeba kinanda hadi Buyenzi, kwa fundi wa redio. Alikifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Apana. Njoo Jumanne, inshallah."

"Mzee, kesho nina ibada."

"We si unajua kupiga? Kitufe cha nini?"

Nikacheka, nikakibeba kinanda kurudi nacho, kitufe kikiwa kimekufa vilevile.

Nyumbani niliandika orodha ya nyimbo sita, nikamtumia kiongozi wa kwaya nikimsisitizia zote ziimbwe kwa do. Kisha nikapiga magoti. Nilimsomea Mungu orodha ile, wimbo kwa wimbo, kama mtu anayemtuma mwenzake dukani, nikamwomba asiruhusu mtu yeyote kutoka nje yake.

Nyimbo sita zilipita salama. Ila nilikuwa nimesahau ushuhuda, mimi ninayekagua hata waya mara nne! Kwetu anayetoa ushuhuda huanza na wimbo wake, kwa sauti anayoipata mwenyewe, na mpiga kinanda humfuata.

Akasimama mama mmoja anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mtoto wake alikuwa ametoka hospitali. Akaanza kuimba, na haikuwa do. Nilibonyeza kitufe kilichokufa mara tatu. Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanichoma: niliongeza ukubwa wa sauti ya kinanda na kupiga do yangu kwa nguvu, ili yeye aje kwangu. Akayumba. Akanyamaza katikati ya shukrani zake.

"Profesa," akaniambia, "unaenda wapi? Nifuate mi."

Watu wakacheka. Mbele yangu kulikuwa na maikrofoni iliyowashwa, nami sikuikumbuka.

"Mama, siwezi. Najua do tu."

"Miaka mitatu, profesa!" akapaza sauti mmoja wa wanaume wa kwaya, na kanisa zima likaangua kicheko.

Mama alisubiri wanyamaze. "Toa mikono basi. Mi hata hiyo do siijui. Piga makofi."

Akaanza upya. Nikapiga makofi, tena nje ya mdundo, masikio yakiwaka moto. Nikasema moyoni, "Mungu, nisaidie," nikakosa la kuongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba bila kumwelekeza afanyeje. Nilitaka kutoroka. Sikutoroka.

Jumanne nilikirudisha kinanda kwa fundi, kikapona. Nimebandika utepe juu ya kitufe nisikibonyeze tena, na siku hizi namwomba mama yule aanze, nami naitafuta sauti yake kwa kidole kimoja, mbele ya watu wote. Mara nyingi nakosea, naye hunisubiri. Jumapili iliyopita, kabla ya ibada, niliubandua utepe. Nikakaa nao kidoleni. Nikaomba tena yale maneno mawili, nikaurudisha, nikaukandamiza pembe zote nne.