Mgongo wa Mzee wa Kaunta

Kila saa kumi jioni mzee wa kaunta huingia baa yetu ya Farasi Mweupe, hapa Uingereza, huweka kiwiko kwenye kishimo ambacho kiwiko hicho hicho kimekichimba katika mbao, na hunywa bia yake taratibu kama anayeogopa kuiumiza. Haongei, hukohoa tu. Zamani tuliagiza kutoka upande wowote wa kaunta. Siku hizi mtaa umejaa wapangaji wapya, na Mwingereza akiona mgongo wa mtu kwenye kaunta hujipanga nyuma yake. Ijumaa walijipanga mpaka nje, kwenye mvua, hadi duka la nyama. Nami, mwenyeji kabisa, nikajikuta wa kumi na tisa.

"Leo kuna msiba?" mzee alimuuliza Maureen, mhudumu.

"Msiba gani, babu? Wanakungoja wewe! Nimewaita waje upande huu, wanasema umetangulia."

Mzee akageuka, akawa mwekundu hadi masikioni. "Jamani, samahani sana." Akabeba glasi yake, akaenda kusimama mwisho kabisa wa foleni, mvuani. Tukasogea, tukahudumiwa. Baada ya saa nzima zamu yake ikafika. Akaweka kiwiko kwenye kishimo chake, akakohoa. Na sisi tuliotaka glasi ya pili tukajipanga nyuma yake.