Maharagwe ya Chovai

“Wewe uliyesoma, niambie: mbona haya yote yanakufa na lile moja linapanda?”

Bibi aliniuliza akiwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, akiyatazama maharagwe yetu. Nilikuwa nimerudi kisiwani kwetu Chovai na shahada yangu, nikifundisha watoto asubuhi, na tayari nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Mbegu zile alizileta mwenyewe kutoka kambi ya wakimbizi Kenya, zimefungwa kwenye pembe ya leso. Zilitoka kwenye kijishamba cha dada yake, aliyezikwa kulekule. Hazikubaki nyingine. Nilichomeka fito kwa mstari kutoka mlango wa jikoni mpaka mwisho wa ua, tukapanda zote, kisha nikatoa amri ya kisomi: maji ya kunywa tunayateka mbali, kwa hiyo tone lisimwagwe bure. Ya kuoshea mchele, ya kuoshea vyombo, yote yaende kwenye maharagwe.

Yalichipua vizuri. Yalipofika magotini yakasimama. Majani yakaungua pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto, yakaanza kudondoka kuanzia chini.

Nilichunguza kila kitu. Niligeuza majani kutafuta wadudu. Nilichimbua mizizi ya shina moja lililokufa. Haikuwa na mafundo wala funza. Nikaonja maji ya kisima chetu, niliyoyanyweshea yote kila jioni. Yana chumvichumvi, lakini ndivyo yalivyokuwa siku zote, na maboga ya jirani yalinyweshwa hayohayo yakanenepa.

“Ni jicho,” jirani alisema juu ya ua. “Mmeyaonyesha mno.”

“Jicho limeruka lile la mwisho?” nikamuuliza.

“Pengine halikuliona.”

Bibi akacheka hadi akakohoa. “Mchu huyu, mjukuu wangu, na chuo chake! Hata jicho analitaka lijieleze.”

Mimi sikucheka. Kila nilipotoka shule nilikuta shina jingine limelala. Bibi alikuwa ameacha kuhesabu. Aliokota majani makavu, akayaweka mapajani. Lile la mwisho, kule mwisho wa ua, lilikuwa limeuzunguka ufito wake mpaka juu na kutoa maua. Nililichukia kidogo, kwa kuwa lilinishinda. Lilizaa maganda machache. Bibi akayakausha, akazifunga mbegu kwenye leso ileile, akanikataza kuzipanda tena.

“Mpaka ujue,” alisema.

Nikahamia Kismayo kufundisha. Miaka ikapita. Siku moja nilimpigia simu, naye akanieleza, katikati ya habari nyingine, kwamba mgongo umezidi, hata ndoo haibebi.

“Tangu yale maharagwe yako,” akasema. “Ulisema tone lisimwagwe. Kila asubuhi ukiwa shule nilikuwa nayanywesha.”

“Maji gani, bibi?”

“Nilikuwa na maji gani mengine? Yale niliyorowekea papa.”

Papa wa chumvi tulimla karibu kila siku. Alirowekwa usiku kucha ili chumvi imtoke, na asubuhi maji yake huwa makali kama ya bahari. Nilimuuliza, polepole, kuhusu lile shina la mwisho.

“Lile silo, mwanangu,” akasema. “Lile lilikuwa mbali. Mgongo wangu haukufika.”