Darubini Dirishani kwa Baba

Jamani, baba yetu alifariki akiwa ameielekezea nyumba ya kaka yangu darubini ya bunduki.

Nisomeni vizuri. Darubini tu. Bunduki aliirudisha kazini siku alipostaafu ukufunzi wa shabaha. Darubini ilikuwa mali yake, akaifunga kwenye stendi dirishani, chumba cha juu.

Ng'ambo ya bonde ndiko anakokaa kaka na mkewe. Mke ambaye baba alimkataa mbele za watu. Tangu siku ile baba na kaka wakawa hawapikiki chungu kimoja.

Kaka akaja kuona kioo kinamemeta dirishani kwa mzee kila jioni. Akanipigia simu anafoka.

"Baba yako ananilenga! Watoto wangu wanacheza uani, yeye ananilenga!"

"Kaka, haina bunduki ile."

"Nyamaza! Unamtetea tu."

Nikimuuliza mzee, jibu ni moja. "Natazama tu, mwanangu." Kisha anabadilisha mada.

Basi akafariki, kwenye kiti chake pale pale dirishani. Nikampigia kaka.

"Mzikeni nyie. Mimi simziki mtu aliyekuwa ananiwinda."

Nililia, acha tu. Tumezaliwa wawili. Nilijua asipokuja, hatajisamehe maisha yake yote.

Asubuhi ya mazishi nikapanda kufunga chumba. Nikachungulia kwenye darubini. Nikaganda.

Nyumba ya kaka ilikuwa ukungu mtupu.

Nikampigia tena. "Njoo uangalie kitu kimoja. Ukitaka kuondoka, ondoka."

Akaja, kanuna huyo, hata salamu hakunipa.

"Tazama. Unaiona nyumba yako?"

"Siioni vizuri. Naona daraja."

Daraja la kijito, pale njia inapokunja kuja kwetu. Ukiwa dirishani, liko mstari mmoja na nyumba ya kaka, ila karibu zaidi.

"Tikisa kichwa taratibu. Ule msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo unahama?"

"Ukutani kwangu unacheza. Darajani umetulia."

Hilo baba alinifundisha nikiwa binti mdogo. Kuna kitufe pembeni, unakizungusha kulingana na umbali wa unachokitazama. Ukikipatia, picha inang'aa na msalaba hauhami hata jicho likisogea. Ukikikosea, msalaba unateleza na risasi inapita pembeni. Mzee hakuwahi kukosea hilo.

Kitufe chake kilisoma mita mia mbili, umbali wa daraja. Nyumba ya kaka iko kama mia sita.

Kaka akanigeukia. "Umekizungusha wewe."

"Haya, kizungushe tuone."

Akajaribu. Wapi! Vumbi la miaka lilikuwa limekikwamisha pale pale.

"Hakuwa anakulenga, kaka. Alikuwa anaangalia kama unavuka daraja."

Mtu mzima akakaa sakafuni, mikono kichwani.

"Nimelivuka leo," akasema. "Nimelivuka, na yeye hayupo kuniona."

Tukamzika pamoja. Kaka aliomba arushe udongo wa kwanza, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ndugu zangu, kama unadhani mzazi wako anakutakia mabaya, nenda ukamuulize uso kwa uso angali anaweza kukujibu.

Na wewe mzazi, ukimkumbuka mwanao, mwite. Acha kiburi. Simu ya baba yangu ilikuwa mezani, kando ya kiti kile, miaka yote.