Studio Ambayo Mdhamini Haruhusiwi Kulala

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuuliza maswali na akanipa na watu wa kunivumilia ninapouliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, nataka kueleza kwa nini mimi, mtu mzima mwenye meno machache, nina studio, nyumba ya chumba kimoja, hapa Dubai na bado nalala kwenye majlisi, sebule ya wageni, ya dada yangu.

Nilifanya kazi miaka mingi Australia, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yaliingia machafu yakatoka safi, sina malalamiko. Mke wangu alipofariki, Mungu amrehemu, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Dubai tangu ujana wake, aliniambia nije nikae naye Al Mankhool. Nikaja. Mwanangu alibaki kule na mkewe na watoto, na kila mwaka naenda kuwaona.

Nyumba ya dada ina baraka ya wageni. Wanatoka Unguja, wanatoka Maskati, wanakuja kwa matibabu au kununua vitambaa Deira. Kitanda changu ni godoro linalokunjwa asubuhi na kukunjuliwa mgeni wa mwisho akishaaga. Na mgeni wa kwetu huaga mara tatu: akiwa amekaa, akiwa amesimama, na akiwa mlangoni, na hiyo ya mlangoni ndiyo ndefu. Mimi nina desturi ya kuamka kabla ya alfajiri kusali. Na wageni wa safari wakiwa wamelala pembeni yako, unasoma kwa kunong'ona kama mtu aliyeingia kuiba. Nilichotamani katika dunia kilikuwa kimoja tu: chumba chenye mlango wa kufunga.

Mwanangu alilijua hilo. Siku moja alinipigia simu.

"Baba, huku Australia sheria inaruhusu watu wa familia moja wawe na mfuko wao wenyewe wa uzeeni. Hatuwapi watu wa kampuni, tunausimamia sisi. Akiba yako na yangu tunatia pamoja, mfuko unanunua studio Dubai, wewe unahamia. Khalas."

"Yangu peke yangu haitoshi?"

"Yako inatosha mlango, baba, na labda kitasa. Na yangu siruhusiwi kuigusa mpaka nizeeke, ila ikiwa ndani ya mfuko, mfuko unaweza kuinunulia nyumba."

"Na huo mfuko nani atautazama?"

"Sisi wawili. Tunaitwa wadhamini. Ofisi ya kodi ndiyo inayotutazama sisi. Nakutumia karatasi, wewe utasaini tu."

Karatasi ikaja. Niliichapisha duka la chini. Ilikuwa tamko la mdhamini, na karibu kila sehemu ilianza kwa maneno yale yale: ninaelewa kwamba. Ninaelewa kwamba hivi, ninaelewa kwamba vile. Tangu mtu awe mdhamini anapewa siku ishirini na moja za kusaini, na zangu zilikuwa zimeshaanza kwenda.

Kwa watu wengi hiyo ni saini. Kwangu ulikuwa ushahidi. Anayeandika kwamba anaelewa na ilhali haelewi ametoa ushahidi wa uongo, na hilo tulifundishwa tungali wadogo kwamba si jambo dogo. Na Kiingereza changu ni cha kufulia. Najua maji ya moto, najua maji ya baridi, najua doa la damu na shuka la kurudishwa. Kile cha ofisi ya kodi sikuwahi kukifua.

Nilihitaji mwalimu. Katika fleti ya mbele yetu alikuwa akikaa mama mmoja wa Kenya, Mkristo kutoka bara, yeye na mumewe, mlinzi wa hoteli. Walipanga chumba kimoja kilichokatwa kwa mbao, na upande wa pili wa mbao kuna watu wengine wanne. Kazi yake ilikuwa ofisini kule Airport Freezone, kusoma mikataba na karatasi za forodha za mizigo ya watu. Nikamgongea.

"Shikamoo, mzee. Ni nini, dada mgonjwa?"

"Marahaba. Dada mzima. Nataka unisomeshe."

Akaichukua karatasi akaipitisha macho pale pale mlangoni. "Ai, mzee, hii si unasaini tu? Watu wote husaini hivyo."

"Imeandikwa ninaelewa."

"Ndiyo, lakini hakuna mtu huelewa."

"Basi nitakuwa wa kwanza, inshallah."

Akaniangalia kama anayepima mzigo, kisha akauliza aje saa ngapi.

Tulisoma kwenye meza ya kulia ya dada, baina ya Maghribi na Isha, siku alizowahi kutoka kazini. Nilimweleza namna tulivyosoma vitabu kwetu: mwanafunzi anasoma mstari, mwalimu anafafanua, mwanafunzi anaurudia kwa maneno yake mwenyewe, na mwalimu asiporidhika hawaendi mstari wa pili. Alisema kwa mtindo huo kontena moja lingekaa bandarini miaka saba. Lakini alikubali, na nikamwita mwalimu tangu siku hiyo. Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa mkali.

Dada yangu alileta kahawa na kukaa. "Wee mdogo wangu, chuo cha Kurani ulikimbia una miaka tisa, leo ndiyo umerudi?"

"Sikukimbia. Niliugua surua."

"Surua ya miezi minne!"

"Mzee, soma," akasema mwalimu.

Tukasoma. Mali ya mfuko isichanganywe na mali ya mdhamini: hilo nililielewa mara moja. Mfuko usimkopeshe mdhamini wala jamaa yake, na biashara zake zote ziwe kwa bei ya soko: nikaelewa. Hata nikimwajiri mtaalamu anishughulikie kila kitu, lawama inabaki yangu. Hapo mwalimu alinirudisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisema lawama ni ya mtaalamu, na mara ya pili nilisema ni ya mwanangu. Tamko lihifadhiwe miaka kumi au zaidi, ofisi ikilitaka ilione. Niliushukuru mstari huo. Katika umri wangu, kuambiwa uweke karatasi miaka kumi ni kuombewa dua.

Jioni ya siku ya kumi na saba tangu niwe mdhamini tukafika kwenye shabaha ya mfuko. Mfuko ni wa kuwapa wanachama mafao ya uzeeni, na si wa kitu kingine. Nikaurudia. Mwalimu hakuridhika.

"Sasa hiyo studio, mzee, nani atakaa?"

"Mimi."

Akatoa simu, akafungua maelezo ya ofisi ya kodi yenyewe, akasoma kwa muda mrefu. Kahawa ikapoa. Kisha akanisomea polepole: nyumba ya kuishi inayomilikiwa na mfuko, mwanachama haruhusiwi kukaa ndani yake, wala jamaa yake yeyote.

"Lakini mimi niko uzeeni tayari," nikasema.

"Mfuko unakupa pesa uzeeni. Haukupi kitanda."

"Nikilipa pango kama mpangaji?"

"Hata ukilipa."

"Siku moja moja?"

"Hata usiku mmoja, mzee. Pole." Na alisema pole kwa sauti ya mtu aliyetamani asingeniuliza.

Dada aliuliza mgeni kabisa, asiyetujua, anaruhusiwa? Mwalimu akasema huyo ndiye hasa anayetakiwa. Dada akasema subhanallah, akaondoa vikombe.

Nilimpigia mwanangu. Hakuwa amefika mstari huo. Alikuwa amesaini siku ya kwanza. Akasema, "Baba, wewe hamia tu. Nani atajua? Wako maelfu ya kilomita. Hakuna mtu wa ofisi ya kodi atakayepanda ndege aje kukugongea Dubai."

Alisema kweli, na ndiyo iliyonitaabisha. Siku nne zilikuwa zimebaki. Nikisaini nikahamia, nimepata mlango wangu na hakuna atakayeugonga. Nilitembea mpaka msikitini nikarudi, nikatembea tena. Nikamkumbuka aliyenisomesha utotoni. Alikuwa msimamizi wa shamba la minazi la wakfu wa msikiti, na nazi za nyumbani kwake alizinunua sokoni, akibishana bei kama sisi sote. Sikumbuki kama aliwahi kutueleza kwa nini. Sidhani kama tulimuuliza.

Siku ya ishirini nilimwambia mwanangu hivi: "Mwanangu, tununue. Nyumba ni nzuri, pango litanipa posho mimi sasa na wewe baadaye. Lakini mimi sihamii. Nimeshaelewa."

"Baba, mimi nilitaka ulale vizuri."

"Najua. Mungu akulipe kwa nia yako."

Alilia kidogo. Mimi pia, lakini nilikuwa nimeshakata simu.

Nikasaini pale mezani. Fomu ilitaka shahidi mwenye zaidi ya miaka kumi na minane. Dada, aliyepita sabini, alisema ameshaipita, lakini ana jina la ukoo wetu na hataki maneno na ofisi ya kodi. Akasaini mwalimu.

Nyumba ikanunuliwa, ng'ambo kidogo ya Mankhool, katika mtaa ambamo sisi wageni wa nchi tunaruhusiwa kununua. Ilipotangazwa, wa kwanza kupiga simu kwa dalali alikuwa mwalimu na mumewe. Walikuwa wamechoka na ukuta wa mbao. Akaja kwangu akitabasamu.

"Mzee, si utanipunguzia? Mimi ni mwalimu wako."

"Ulinisomesha kwamba pango liwe la bei ya soko."

"Nilikusomesha vibaya."

"Ulinisomesha vizuri sana. Ndiyo sababu sipunguzi."

Alimtazama dada. Dada akasema, "Umemtengeneza mwenyewe, mama. Mchukue hivyo hivyo." Walipanga kwa bei ya soko.

Miezi mitatu baadaye hita ya maji ilianza kuvuja, nami nikaenda kama mdhamini kuitazama pamoja na fundi. Ndiyo mara ya kwanza niliingia ndani ya ile nyumba watu wakiwa wanaishi. Ni chumba kizuri. Mlango unafunga bila kelele. Niliujaribu mara mbili, fundi akadhani nao umeharibika. Adhana ya Alasiri ilisikika dirishani vizuri, kama iko chumbani.

Fundi alipoondoka, mwalimu aliweka kikombe mezani. "Kaa, mzee. Chai."

Nikabaki nimesimama. "Hii si kunufaika na mali ya mfuko?"

"Kiti ni changu. Kikombe ni changu. Majani nilinunua kwa mshahara wangu."

"Na maji?"

"Bili ya maji nalipa mimi. Mzee, kaa chini!"

Nikakaa. Nikanywa. Chai ya Kenya ina maziwa mengi, na namshukuru Mungu. Kisha nikatoka kwenda kusali msikitini.

Mwisho wa mwaka mkaguzi wa hesabu za mfuko alituletea maswali yake, na mojawapo liliuliza kama mwanachama au jamaa yake ametumia nyumba. Niliandika: mwanachama aliketi nusu saa kwenye kiti cha mpangaji, akanywa kikombe kimoja cha chai ya mpangaji, hakulala. Mwanangu alinisihi nilifute jibu hilo. Sikulifuta. Mkaguzi alijibu kwa neno moja: imepokelewa.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa kwa subira, Mwenyezi Mungu akupe pa kulala unaporuhusiwa kulala, akukinge na saini ya usichokielewa, na akusamehe wewe na wazazi wako na sisi pamoja nawe. Amin.