Manju Jilala na Nzi wa Manyoya

Vitabu tulivyosomeshwa vimejaa magavana na watu waliokuja "kugundua" mito tuliyokuwa tukinywa. Mimi namwandika Jilala, mtunza bustani, kwa sababu alifanya jambo ambalo hakuna gavana aliyeliweza: alivuliwa kama samaki mbele ya watu wote wa Songwa, akatoka hapo mshindi.

Jilala alikuwa manju, yaani kiongozi na mwimbishaji, wa Wagalu, kundi la ngoma. Kila mwaka baada ya mavuno walishindana na Wagika, kundi la manju Maduhu. Ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja, hawa upande huu na wale upande ule, na watazamaji huenda wanakopenda. Mwenye watu wengi jua linapotua ndiye mshindi. Jilala alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo, na kundi lake lilikuwa limechoka.

"Ukishindwa safari hii," Masele, mpiga ngoma wake, alimwambia wazi, "umanju nachukua mimi. Wewe baki na mchicha wa Mzungu."

Mzungu mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo mgodini. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Nzi. Kwao, alisema, kuna ziwa mlimani, baridi tupu na ukungu, lenye samaki aitwaye trauti ambaye hupenda nzi kuliko chakula chochote. Basi alitengeneza nzi wa uongo kwa nyuzi na manyoya ya jogoo, akawatia ndoana, na kila Jumamosi akaenda nao lamboni. Lambo hilo walilichimba baba zetu kwa amri, kwa jembe na karai, na lilipojaa wakaambiwa wasivue. Bwana Nzi peke yake ndiye aliyeruhusiwa, na Mungu ni wa haki: hakupata hata perege mmoja. Alisimama majini hadi magotini akichapa hewa kwa fimbo ndefu, kamba ikipaa mbele na nyuma. Wanawake walitua mitungi ili wamtazame. Wachungaji walisahau ng'ombe.

Jilala aliyaona hayo, akafikiri. Mtu anarusha manyoya. Samaki hawaji, watu wanakuja. Kumbe kile si chambo cha samaki. Ile ni dawa ya mvuto! Kila manju alikuwa na dawa yake ya kuvuta watazamaji, lakini kali namna hii haijapata kuonekana.

"Shikamoo Bwana. Naomba nzi mmoja."

"Wewe taka vua samaki?" Bwana Nzi alifurahi kama mhubiri aliyeongoa mtu.

"Samaki wa nchi kavu, Bwana."

Akapewa nzi mwekundu. Mageni, mkewe, akamshona kwenye kofia ya mumewe ya manyoya ya mbuni.

Siku ya mashindano, uwanjani kando ya lambo, Maduhu alitokea na fisi. Fisi hai, kamba shingoni, njuga miguuni! Watu wote wakahamia kwake. Kwa Jilala alibaki Mageni, na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Nzi wako amekufa," Masele alisema. "Lete kofia."

"Subiri! Dawa hii inafanya kazi majini. Hujaona mwenyewe anasimama wapi? Pigeni ngoma, twendeni!"

Ilikuwa Jumamosi, na Bwana Nzi alikuwa palepale majini. Jilala akacheza kinyumenyume hadi mgongoni pake, akitikisa kichwa. Bwana Nzi akarudisha fimbo nyuma, ndoana ikanasa kofia, fimbo ikavutwa mbele kwa nguvu. Kofia ingeng'oka, lakini ilikuwa imefungwa kidevuni na Mageni, na fundo la Mageni halifunguki. Jilala aliruka, akampita Mzungu, akatumbukia majini chubwi.

Bwana Nzi aliona manyoya yanatapatapa mbele yake.

"Nashika! Kubwa! Kubwa sana!"

"Bwana we, huyo si samaki!" Mageni alipiga kelele. "Huyo ni Baba Justa!"

Nani wa kusikia? Mzungu alivuta, akalegeza, akavuta. Jilala aliinua kichwa atapike maji, akaona watu wanamkimbilia. Masele alikuwa bado anapiga ngoma. Basi akaanza kucheza: akazama kwa pigo moja, akaibuka kwa jingine, mabega yakitetemeka.

"Kaza kamba, Bwana! Usilegeze!"

Uwanja mzima ukamiminika lamboni. Fisi naye akaja, akimburura Maduhu.

Jua lilipotua, Mzee Mihayo, mwamuzi, alisimama kutangaza mshindi.

"Si haki!" Maduhu alilia. "Ameleta Mzungu!"

"Nawe umeleta fisi. Tena fisi wako mwenyewe yuko upande wa Jilala."

"Wabeja, manju!" Masele alimpongeza, akambeba begani, ndoana ikiwa bado kofiani, na Bwana Nzi akiwafuata nyuma na fimbo yake kwa sababu hakutaka kuikata kamba.

Jumatatu asubuhi Jilala alikuwa akimwagilia mchicha alipomwona Maduhu kwenye mlango wa jikoni wa Mzungu, jogoo kwapani.

"Shikamoo Bwana. Naomba nzi. Awe wa kumtosha mtu mnene."

Jilala hakuinua hata kichwa.

"Mwambie, Bwana, kwanza atafute mke anayejua kufunga fundo."