Kalunde Aliyeketi Kiti cha Mbele

Kwa wiki saba nilimchukia mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumsalimia. Anaitwa Kalunde, ni fundi wa magari hapa Kibwezi, kwenye ile gereji ya mabati iliyo nyuma ya wauza mbao. Naandika habari zake kwa sababu watu wengi humsema vibaya, na mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa kwanza.

Si msichana. Ana miaka kama arobaini, mrefu, mwembamba, na ovaroli yake ya bluu ameitia viraka vya leso magotini. Alizaliwa upande wa Mutomo. Baba yake alikuwa mtu wa nyuki, wa kuchonga mzinga kwa gogo na kuutundika juu ya mti. Mzinga haufunguliwi ovyo. Unaugonga kwanza kwa vidole, unaweka sikio, ndipo unajua kama ndani kuna asali au kuna hewa tu. Kalunde ndiye aliyekuwa anapandishwa mtini kwa sababu alikuwa mwepesi. Alipokuja Kibwezi kwa dada yake akaosha magari, akawashikia mafundi tochi, na siku moja fundi aliyekuwa anaumwa na mgongo akamwambia, "Ingia wewe chini ya gari, uniambie unaona nini." Hajatoka huko chini tangu siku hiyo. Aliolewa, mume akafariki, akabaki na binti ambaye sasa anasomea ualimu.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba hana bwana.

Bwana yangu ni Kitheka. Ana gari nyeupe ya zamani, anabeba nyanya na mapapai ya mashamba ya mtoni, anapeleka Kilungu, anarudi na maparachichi. Hiyo gari ndiyo shamba letu. Ikilala siku moja, na sisi tumelala.

Mwezi wa nne taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye kapicha ka injini kanakofanana na birika. Gari ikaanza kukosa nguvu mlimani, na nyuma ikawa inanuka kama yai viza. Kitheka akaipeleka kwa Kalunde, akarudi na jina la Kalunde mdomoni.

"Kalunde amesema ndani ya ekzosi kuna kitu kama masega ya nyuki. Ndicho kinasafisha moshi."

Kesho yake, "Kalunde amesema kuna sensa mbili za kunusa moshi, moja mbele ya masega, nyingine nyuma. Ya nyuma ikianza kusema sawasawa na ya mbele, ujue masega hayafanyi kazi."

Na keshokutwa, "Kalunde amesema masega hayafi yenyewe. Kuna kitu kinayaua, na kubadilisha masega bila kukijua hicho kitu ni kuua mengine."

Alikuwa anasema haya akila, macho yamewaka. Mimi nimekaa mbele yake, mtoto begani. Miaka mitatu ya ndoa, na Kitheka hajawahi kubeba neno langu hata moja akampelekea mtu mwingine. Nikimwambia Mwongeli ameota jino, anasema "haya." Nikimwambia paa linavuja, "haya." Lakini maneno ya Kalunde kuhusu moshi alikuwa anayarudia mpaka kwa kinyozi. Nilikuwa naosha vyombo nikiwaza, huyu mwanamke anaongeaje mpaka anasikiwa hivyo?

Jumapili, tukitoka kanisani, Wayua jirani yangu akanishika mkono.

"Mama Mwongeli, gari iko?"

"Iko gereji."

"Gereji? Mimi niliiona juzi ikipanda Mbui Nzau. Bwana yako kwa usukani, na yule wa ovaroli ameketi mbele. Kiti chako."

"Ni kazi."

"Kwani nimesema si kazi?" Wayua akajifunga leso upya. "Nimesema tu ni kiti chako."

Nilimngoja Kitheka afike nyumbani, na hata viatu hakuvua.

"Ulienda Mbui Nzau na Kalunde?"

"Eeh. Tulikuwa tunapima gari. Kalunde hashiki spana kabla ya kuisikia ikipanda mlima."

"Na ni lazima aketi mbele?"

"Sasa aketi wapi? Kwa buti kama mapapai?"

Mimi ni mtu wa kunyamaza, nilimaliza darasa la nane nikijulikana kwa hilo. Lakini Jumanne nikafunga muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye bakuli, nikamfunga Mwongeli mgongoni, nikaenda huko gereji kumpelekea bwana yangu chakula cha mchana. Hajawahi kupelekewa.

Nikawaona kabla hawajaniona. Kitheka ameketi kwa usukani, mlango wazi. Kalunde amepiga magoti nje, kichwa chake kimeingia ndani, chini ya usukani, kando ya magoti ya bwana yangu. Niliona kisogo tu, na mkono wa Kitheka ukimshikia tochi.

"Sogeza mguu, mzee," Kalunde akasema kutoka huko chini, "ama unataka nikupime wewe?"

Wakacheka wote wawili.

Sasa najua. Kila gari ya siku hizi ina tundu la kuchomeka mashine ya kupima injini, na waliotengeneza magari waliamua kuliweka hapo chini ya usukani, mahali pabaya namna hiyo. Siku ile sikujua. Niligeuka, nikaketi kwenye mbao za watu, nikala ule muthokoi mimi na mtoto mpaka bakuli likabaki jeupe. Sikuwa na njaa.

Jioni Kitheka akasema, "Alhamisi nampelekea gari na mzigo. Tupande Mbui Nzau ikiwa imejaa nyanya na imechemka vizuri. Anasema ugonjwa wenyewe unajificha gari ikiwa tupu."

"Hutampelekea."

"Nini?"

"Ipeleke Makindu kwa binamu yangu Kyengo. Ni mwanaume na ni mtu wetu."

"Kyengo ni wa kuchomelea mageti, Mama Mwongeli."

"Hata ekzosi anachomelea. Ama hiyo gari itoke kwa yule mwanamke, ama mimi nibebe mtoto niende kwa mama. Chagua."

Aliniangalia sana. Halafu akasema, "Haya."

Kyengo hakupima kitu. Alikata ekzosi kwa grenda, akapasua lile tumbo la katikati, akatoa masega yote kwa patasi, akachomelea tumbo likiwa tupu. Alimwambia Kitheka kwamba hicho kidude ni cha nchi za watu wanaoogopa moshi, sisi huku tumelelewa na vumbi. Yale masega akayatia kwenye gunia, eti atayatupa. Tulikuja kusikia kuna watu huzunguka wakiyanunua kwa sababu ya madini yaliyo ndani. Taa ya njano ilipokataa kuzima, akakata kipande cha tepu nyeusi akaifunika.

Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Gari ilirudi inanguruma kama mashine ya posho, mbwa wakaibwekea, na mimi nikapika siku mbili nikiimba. Jina la Kalunde halikutajwa nyumbani kwangu.

Siku ya tatu, gari ikiwa imejaa nyanya za kupeleka Kilungu, ikaanza kutetemeka kwenye ule ule mlima. Ikawa inalipuka nyuma kama bunduki. Chini ya tepu ile taa ilikuwa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na hiyo maana yake ni dereva apunguze, asimame, injini haichomi mafuta vizuri. Kitheka angejua kama angeiona. Alizidi kukanyaga mafuta mpaka gari ikazima kabisa. Alikaa juani kwa muda wa saa sita. Nyanya zikaiva zikapasuka, na lori la mtu anayemfahamu ndilo lililomvuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Akaketi kwenye kigoda, hanioni.

"Ukinyamaza hivyo nitajua unamwaza yeye," nikasema.

"Namwaza mteja wa Kilungu," akasema polepole. "Kesho atatafuta mtu mwingine wa nyanya. Na huyo mtu hatamwachia tena."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitazama hiyo gari, imeegeshwa mlangoni imekufa, nikajua nani aliiua.

Asubuhi nikaenda gereji bila kumwambia, Mwongeli mgongoni. Kalunde alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwaitu. Wewe ni wa nani?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kikamba.

"Mimi ni mke wa Kitheka. Wa gari nyeupe."

"Aa! Nilimngoja Alhamisi mpaka jua likazama. Gari iko wapi?"

Nikamweleza yote, Kyengo, grenda, tepu, mlima. Aliposikia habari ya masega aliweka kikombe chini.

"Ni nani alisema ipelekwe huko?"

Ningeweza kusema ni Kitheka. Nilikuwa nimelipanga jibu hilo njia nzima.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unaketi mbele."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kuna mama mmoja aliwahi kunimwagia maji yaliyochemshiwa ndizi hapa, mbele ya wateja," akasema. "Mwingine alimtuma mchungaji aje aniombee. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mwenyewe, kwa mdomo wako." Akainua sanduku la spana. "Lakini umeniharibia gari, mwaitu. Masega yale yalikuwa bado mazima nusu. Twende."

Kitheka alipotuona tukishuka kwenye pikipiki moja, mimi na Kalunde, mtoto katikati yetu, alisimama akasahau kufunga mdomo.

Kalunde akaingia chini ya gari na mpini wa nyundo, akagonga lile tumbo la ekzosi mara mbili, akaweka sikio.

"Tupu," akasema. "Hata sega moja hakubakisha."

Kisha akabandua tepu, akanipa waya wa mashine. "Chomeka wewe."

"Mimi?"

"Kwani huna mikono? Tundu liko hapo chini ya usukani. Mzee, sogeza mguu mke wako apite."

Nikapiga magoti. Nilipapasa mpaka nikalipata. Kichwa changu kilikuwa pale pale nilipokiona kichwa chake, na hapo hakuna kitu, kuna vumbi na harufu ya soksi.

Mashine ikasema silinda ya tatu haichomi. Kalunde akachomoa koili yake, kale kadude kanakopeleka moto kwa plagi, akaibadilisha na ya silinda ya pili. Mashine ikahamia kusema ya pili.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Koili ikipata joto inakufa. Petroli haichomeki, inakwenda mbichi mpaka kwa masega, inawakia huko ndani, inayayeyusha. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Gari tupu haikuwa inakionyesha."

"Ina maana Alhamisi ungekiona?" Kitheka akauliza.

"Alhamisi ningekiona."

Hakuna aliyenitazama, na niliwashukuru kwa hilo.

Akaweka koili nyingine. Akatuambia taa ya njano itabaki imewaka, bila kupepesa, mpaka tupate masega mengine, kwa sababu sasa sensa zote mbili zinanusa moshi mmoja. Tusiifunike. Ikipepesa tu, tusimame. Halafu tukapakia magunia ya mchanga ili kupima mlimani, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Nilifungua mlango wa nyuma niingie na mtoto.

"Wewe kaa mbele," Kalunde akasema. "Shika mashine. Itahesabu kila silinda ikikosa kuchoma, tunataka sifuri. Nipe mtoto, mimi nasikiliza injini. Unajua kusoma namba?"

"Najua."

Tukapanda. Gari ilikuwa inanguruma vibaya na tumbo lake tupu, lakini ilikuwa inavuta. Kitheka akawa anatazama barabara, halafu ananitazama mimi.

"Inasema nini?"

"Silinda ya tatu, sifuri."

"Soma tena."

"Sifuri. Na ya pili sifuri."

"Una uhakika?"

"Nimesema sifuri, Baba Mwongeli."

Akapumua, akabadilisha gia. "Mama Mwongeli amesema sifuri!" akapaza sauti kwa Kalunde, kana kwamba Kalunde hakuwa ameketi hapo hapo nyuma yetu. "Leo nampigia yule wa Kilungu. Nimwambie kesho nyanya zinafika."

Niliyasikia hayo maneno, nikayaweka mahali pazuri. Kisha nikageuka nimwone mtoto wangu. Mwongeli halali kwa mtu. Halali kwa bibi yake, halali kwa Wayua, hata kwa baba yake analia mpaka nimchukue. Alikuwa amelala fofofo kwenye kifua cha Kalunde, shavu juu ya ovaroli yenye mafuta, mdomo wazi.

Moyo wangu ukapanda moto upya, namna ile ile.

"Nipe mtoto wangu," nikasema.

"Soma namba, mwaitu," Kalunde akajibu, amefumba macho, anasikiliza. "Bado tuko mlimani."